Mkunga Aliyegandisha Kompyuta na Fundi Aliyekataa Kumfuta

Saa mbili na robo asubuhi, Mama Pacha anaua kompyuta kwa makusudi.

Amekaa kwenye kiti cha magurudumu, viatu amevivua na kuvisukuma chini ya meza. Mbele yake kuna kompyuta mbili zilizounganishwa kwa waya mmoja wa kijivu. Ya kushoto ndiyo mgonjwa. Ya kulia kazi yake ni kusikiliza tu. Anaandika amri fupi, anabonyeza, anajiegemeza nyuma. Kioo cha kushoto kinaganda hapo hapo. Saa iliyo pembeni mwa kioo inaacha kwenda, na mshale wa kipanya hauendi mbele wala nyuma.

"Haya, imekata roho," anamwambia mwandishi huku akivuta kikombe cha chai. "Usitoe macho hivyo, inafufuka. Hii ni programu ya zamani, nimeiweka ili uone tulivyokuwa tunateswa."

Anaizima, anaiwasha tena ikiwa na programu mpya, anaandika amri ile ile. Kompyuta inajifikiria kidogo kisha inafungua faili kana kwamba hakuna lililowahi kutokea. Chini yao, kwenye duka la vioo, mashine ya kukatia inapiga ukelele wa kutia meno ganzi. Yeye hata hapepesi jicho.

Mama Pacha, kama anavyoitwa na kila mtu tangu ajifungue wasichana wawili kwa mpigo, ni fundi wa programu. Ila si zile za kwenye simu ambazo watu huzifungua na kuzisifia. Anafanya kazi kwenye kiini, ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta, ambayo mtumiaji haioni na ambayo ikikosea, vyote vilivyo juu yake vinaanguka.

"Mama yangu mpaka leo akiulizwa binti yako anafanya kazi gani, anasema anatengeneza kompyuta," anasema na kucheka. "Nilijaribu kumweleza siku moja. Aliniacha nikamaliza yote, kisha akaniuliza, 'Sasa mwanangu, hiyo redio yangu utaiangalia lini?'"

Alianzia kwenye duka la kuchapa na kutoa nakala, akiwa na mshahara uliokuwa ukiisha kabla mwezi haujafika nusu. Kompyuta ya dukani ilikuwa na tabia ya kumnyima printa. Anaandika nenosiri sahihi, inamwambia hana ruhusa. Anaandika tena, inamkubali. Wenzake walizoea kuipiga kofi kwa ubavuni. Yeye hakuzoea.

"Nilitaka kujua ni nani humo ndani anayekataa, na anakataa kwa sababu gani," anasema. "Nikanunua kitabu kilichotumika. Nikaona kuna dunia nzima."

Akajiunga na chuo cha jioni. Akaolewa na fundi makochi, akazaa pacha, akaendelea na chuo. Mumewe anakumbuka miaka ile kwa fahari isiyofichika. "Mtoto mmoja mgongoni kwake, mmoja mgongoni kwangu," anasema Baba Pacha, midomoni ameshikilia misumari midogo huku akivuta kitambaa juu ya sponji. "Yeye anasoma, mimi napiga misumari. Watoto wenyewe walizoea. Ukiacha kugonga ndipo wanaamka."

Leo Mama Pacha ni mmoja wa mafundi wanne kwenye chumba hiki cha juu ya duka la vioo. Timu yao inatengeneza mfumo wa kuendeshea kompyuta za hospitali na zahanati. Kiongozi wao anaitwa Kepteni, kwa sababu ya kofia ambayo haivui hata akiwa ndani.

Kazi iliyomtoa jasho Mama Pacha mwaka huu ilianzia kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani.

Katika hospitali kubwa inayotumia mfumo wao, kila wodi ilikuwa na nenosiri moja la watu wote, limeandikwa kwa kalamu nzito na kubandikwa karibu na swichi ya taa. Yeyote aliyepita aliweza kufungua faili la mgonjwa yeyote. Siku moja majibu ya vipimo vya mama mmoja yakafika mtaani kwake kabla yeye mwenyewe hajafika nyumbani. Nani aliyefungua faili? Haikujulikana. Kompyuta ilijua tu kwamba "wodi" imefungua.

Uongozi wa hospitali ukasema basi, imetosha. Kila mfanyakazi awe na nenosiri lake, na kila kompyuta ijithibitishe kwa seva, ile kompyuta kuu ya hospitali, kabla ya faili lolote kuguswa. Timu ikaamua ukaguzi huo ufanyike ndani ya kiini chenyewe, mahali ambapo hakuna programu inayoweza kuuzunguka.

Hawakuandika kila kitu upya. Walichukua maktaba ya programu, yaani msimbo, maandishi ya amri za kompyuta, uliokwisha kuandikwa na kuaminiwa na mafundi wengine duniani, wakauhamishia ndani ya kiini. Kazi ya kuufanya ukae vizuri humo alipewa Mama Pacha.

Anaeleza utaratibu wake bila kujivuna. Mfanyakazi anaandika nenosiri. Seva ikimtambua, inatoa tiketi, ujumbe uliofungwa kwa siri unaosema huyu ni nani na anaruhusiwa wodi zipi. Kiini kinaifungua tiketi, kinaisoma, kisha kinafungua mlango au kinaufunga.

"Hapa ofisini ilifanya kazi vizuri mpaka tukajipongeza," anasema. "Tukaifunga kule hospitalini. Wiki ya kwanza, simu zikaanza."

Kompyuta zilikuwa zinaganda. Si zote wala si kila siku. Wodi ya wazazi leo, dharura kesho, kisha wazazi tena. Zikiganda zinaganda kabisa, hata kumbukumbu ya kilichotokea haiandikwi, maana anayeandika ndiye aliyezimia. Mama Pacha akapeleka waya wake wa kijivu, akaweka kompyuta ya kusikiliza, akasubiri. Alipofanikiwa kunasa maneno ya mwisho ya mashine, yakawa hayana maana. Mara hii ilifia kwenye sehemu inayoshughulika na kibodi. Mara ile ilifia kwenye saa.

"Ilikuwa kama kumhoji mlevi," anasema. "Kila ukimuuliza alipoangukia, anakutajia mtaa mwingine."

Akashuku kadi za mtandao, wakazibadilisha. Akashuku umeme, fundi umeme akaja akapima na kuondoka akiwa amekasirika kidogo. Ofisini alijaribu kuigandisha kwa kila njia, ikakataa kuganda. Alikuwa anatwanga maji kwenye kinu.

Uongozi wa hospitali nao ukaanza kuchoka. Wauguzi walilalamika, na kwa haki. Huwezi kumwambia mtu anayevuja damu asubiri kompyuta iwake upya. Ikatolewa kauli kwamba mwezi ukiisha bila ufumbuzi, karatasi inarudi ukutani na mkataba wa timu unavunjwa.

"Sikuogopa kazi kuisha, kazi nitapata," anasema Mama Pacha. "Niliogopa ile karatasi. Nilikuwa namfikiria yule mama wa vipimo. Kurudi kule ni kumwambia kwamba siri yake haikuwa na uzito."

Basi akafanya jambo ambalo wenzake waliliona kama kukata tamaa. Akaacha meza yake, akaenda kukaa wodini.

Walimpa kiti karibu na kabati la shuka katika wodi ya wazazi. Akakaa, akatazama zamu zikibadilishana. Muuguzi mmoja kijana, mchangamfu, akamnong'oneza huku akipanga vipimajoto: "Dada, wewe unahangaika bure. Hizi kompyuta zina mtu wao. Shangazi akiingia zamu tu, zinaganda."

"Shangazi ndiye nani?"

"Yule pale. Tunamtania kwamba mashine zinamwogopa." Akacheka, kisha akapunguza sauti zaidi. "Lakini siku hizi hacheki tena, kwa hiyo tumeacha."

Shangazi alikuwa mkunga mkongwe kuliko wote hospitalini, mwanamke mnene mwenye mikono midogo, aliyevaa saa kifuani kama wauguzi wa zamani. Mama Pacha akamwangalia. Akaona kwamba alikuwa haigusi kompyuta kabisa. Akitaka faili, anamwita muuguzi mdogo: "Mwanangu, nifungulie hapo." Kisha anasimama nyuma yake, mikono ameikunja, akisoma juu ya bega la kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi.

Alipopata nafasi, Mama Pacha akamfuata kwenye chumba cha kupumzikia.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa kompyuta?"

"Ndiye mimi."

"Basi pole. Usijichoshe kwa ajili yangu. Mimi na haya madude hatupatani." Akaketi taratibu, akavua kiatu kimoja, akasugua kisigino. "Nimeshawaambia wakubwa, naondoka. Nilikuwa nimebakiza miaka kadhaa kustaafu, lakini ya nini? Nimepokea watoto ambao leo ni madaktari humu humu. Sitaki wanikumbuke kama bibi aliyekuwa akiharibu mashine."

Mama Pacha anasema maneno yale yalimchoma. Hakumbembeleza. Alimwomba kitu kimoja tu: waende pamoja kwenye kompyuta, Shangazi aandike nenosiri lake huku yeye akitazama.

"Mbele za watu? Sitaki."

"Shangazi, si ninyi wakunga mnaowaambia wazazi kwamba mficha uchi hazai?"

Shangazi akamtazama, akajizuia, kisha cheko likamponyoka. "Unanirudishia mkuki wangu mwenyewe," akasema, akavaa kiatu.

Wakakaa. Shangazi akaandika jina lake, kisha nenosiri, kwa kidole kimoja kimoja, bila kukosea hata herufi. Akabonyeza. Kompyuta ikaganda kama jiwe.

"Unaona?" akasema kwa sauti ndogo.

Mama Pacha alikuwa anatabasamu mpaka mashavu yanamuuma. "Shangazi, umenipa zawadi."

"Zawadi gani na mashine imekufa?"

"Kosa linalojificha ndilo linaloua. Hili sasa likiitwa linaitika. Limeshakwisha nusu."

Nusu iliyobaki ndiyo iliyokuwa ngumu. Kwa nini yeye, si wengine? Mama Pacha akadhani ni nenosiri, wakalibadilisha, ikaganda. Akadhani ni urefu wa jina. Akatengeneza mtumiaji mwenye jina refu kama hilo, kompyuta ikampokea vizuri. Alikaa anatafuna kucha, na Shangazi, aliyekuwa sasa amepata shauku, akaagiza chai akaanza kupiga soga.

Akasimulia alikopita. Alianzia wodi ya watoto. Akapelekwa chumba cha upasuaji, kisha wodi ya wanaume, "huko sitaki kukuhadithia." Akaenda kliniki ya macho, dharura, chanjo, kifua kikuu, akarudi wazazi. Na bado huitwa kila mahali penye upungufu wa watu.

"Na kila ulikopita walikuandikisha kwenye kompyuta?" Mama Pacha akauliza.

"Waliniandikisha. Kunifuta ndiko hakuna aliyekumbuka."

Mama Pacha akaweka kikombe chini.

Tiketi ya muuguzi wa kawaida inataja wodi mbili tatu, kwa hiyo ni fupi. Ya Shangazi ilitaja karibu hospitali nzima. Akaipima. Ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko zote alizowahi kuzijaribu. Ofisini walikuwa wanatumia mtumiaji wa majaribio mwenye wodi moja tu, mtu ambaye hajawahi kufanya kazi popote.

Akarudi mbio kwenye msimbo. Maktaba ile iliandikiwa programu za kawaida, ambazo hupewa nafasi kubwa ya kufanyia kazi. Ikiona tiketi ndefu, ilijitandazia nafasi kubwa hapo hapo ilipo. Nje ya kiini hakuna tatizo. Ndani ya kiini, nafasi ya kazi ni ndogo mno. Tiketi ya Shangazi ilijaa, ikamwagika, ikafuta kumbukumbu za sehemu iliyo jirani. Jirani akiwa kibodi, mashine inafia kwenye kibodi. Akiwa saa, inafia kwenye saa.

"Mlevi hakuwa anadanganya," anasema Mama Pacha. "Kweli alikuwa anaangukia kila mahali."

Ofisini habari hiyo ilipokelewa kwa vigelegele, na papo hapo kukazuka ubishi.

Kepteni alikuwa na jibu rahisi: mfuteni mkunga kwenye wodi za zamani, tiketi yake itakuwa fupi, hakuna kitakachoganda. Ni kazi ya dakika chache, na mwezi ulikuwa ukingoni.

"Kepteni, tukimfuta, tumesema kosa lilikuwa lake," Mama Pacha akajibu.

"Hakuna anayemlaumu mtu. Tunaokoa mkataba."

"Anaitwa dharura, anaitwa watoto. Usiku akiitwa akakuta mlango umefungwa, atafanya nini? Atamwomba mwenzake nenosiri. Tutakuwa tumebandika karatasi ukutani kwa mikono yetu wenyewe. Na baada yake yuko mwingine mwenye miaka mingi kazini. Tutawafuta wote?"

Kepteni, anakiri mwenyewe leo, alikasirika. Akatoka nje, akasimama ngazini, akasikiliza vioo vikikatwa. Aliporudi aliburuta kiti na kuketi karibu naye. "Haya, lete. Lakini tunalirekebisha wote wawili, na mimi ninakagua kila mstari."

Ukaguzi ule ulikuwa na faida. Mama Pacha alibadilisha maktaba ili tiketi ndefu isitandazwe kwenye nafasi ndogo, bali iombewe nafasi kwenye ghala kuu la kumbukumbu, kisha nafasi irudishwe kazi ikiisha. Kepteni ndiye aliyegundua kwamba mtu akikosea nenosiri, nafasi iliyoombwa hairudi. Makosa ya wiki chache yangelijaza ghala na kompyuta zingeganda upya, taratibu, bila mtu kujua kwa nini.

"Ningeipeleka vile, ningejiaibisha," anasema Mama Pacha. "Ana kofia mbaya lakini ana macho."

Siku ya kuijaribu wodini, wauguzi wa zamu inayotoka walikataa kutoka. Shangazi aliingia akiwa amepiga pasi sare yake mpaka mikunjo inakata. Akakaa. Kidole kimoja kimoja. Akabonyeza, akafumba macho.

"Shangazi, fumbua," akasema yule muuguzi kijana.

Faili lilikuwa limefunguka. Shangazi akalitazama, akasogeza uso karibu na kioo, akasoma jina la mgonjwa kwa sauti, kisha akageuka kwa kundi lililomzunguka. "Mnashangilia nini? Mama wa kitanda cha pembeni anaita tangu mlipoingia. Nendeni!"

Walitawanyika wakicheka. Mama Pacha anasema alimwona akijipangusa macho kwa ncha ya shuka safi kabla ya kuikunja upya.

Mkataba haukuvunjwa. Karatasi haikurudi. Shangazi aliwaambia wakubwa kwamba amebadili nia, na sasa kila kundi jipya la wauguzi linapitia kwake kufundishwa kuingia kwenye mfumo. Anasema anaowafundisha ni wavivu wa kusoma maandishi ya kwenye kioo.

"Ilikuwa inaniuma," Shangazi anamwambia mwandishi, akipima presha ya mjamzito huku akizungumza. "Mtu ukifanya kazi muda mrefu, unaanza kuamini kwamba kila kitu kikiharibika ni uzee wako. Huyu binti akaniambia, Shangazi, mashine haikushindwa na wewe, ilishindwa kuubeba utumishi wako. Nikamwambia basi iongezewe nguvu, maana mimi sipunguzi."

Mama Pacha alipeleka marekebisho yale kwa mafundi waliotunga maktaba, watu asiowajua wala kuwaona. Walimuuliza maswali, wakabishana naye kidogo kuhusu mstari mmoja, wakayapokea. Sasa jina lake halisi limo humo, kwenye msimbo unaotumika sehemu ambazo hatafika.

Nyumbani, sherehe ilikuwa ya kawaida. Baba Pacha alimsogezea kochi lililokuwa limekamilika siku hiyo, la mteja, akamwambia alikalie yeye kwanza kabla halijachukuliwa. Pacha wakapanda mapajani, mmoja kila upande. Mmoja akauliza kama mama ameponya kompyuta. Mwenzake akamjibu kwamba kompyuta haziponi, zinawashwa tu.

Kazi inayofuata imeshafika mezani. Hospitali inataka dirisha la dawa nalo liingizwe kwenye mfumo, na baadaye zahanati ndogo zilizo nje ya mji. Mama Pacha anataka kila mfamasia ajulikane ametoa dawa gani, bila foleni kurefuka hata kidogo. Ana ndoto pia ya kuanzisha darasa la jioni kwa wasichana wa madukani, wale wanaopiga kompyuta kofi wakitamani kujua ndani kuna nani.

Lakini safari hii hataanza na msimbo. Jana alikwenda kwenye dirisha la dawa, akajitambulisha kwa mfamasia mkuu, akamwomba akae hapo wiki nzima, aangalie watu wanavyohudumiwa.

"Unaumwa nini?" mfamasia akamuuliza bila kuinua macho.

"Siumwi, kaka. Nataka kukaa tu."

"Hapa hakuna wa kukaa tu. Chukua namba kama wenzako."

Mama Pacha akachukua namba, akatafuta nafasi kwenye benchi, akakaa.